Huru wa Nani? Mjadala wa Nasaba na Nyaraka za Mombasa

MJUKUU: Nimepata mstari mmoja tu, babu. Miezi minne ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi za serikali, na nilichotoka nacho ni mstari mmoja katika nakala ya hati ya shamba. Jina la mwanamke, kisha maneno mawili: "huru wa". Baada ya hapo jina la mwanamume, na ukoo wa mwanamume huyo bado uko hapa mtaani, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mwanamke huyo ni mama yake babu yako. Nataka kuandika historia ya ukoo wetu, na nataka ianzie kwenye mstari huo.

MZEE: Ianzie hapo iishie wapi? Kijana wetu ameposa nyumba hiyohiyo unayoitaja. Posa imepokewa, mahari yametajwa. Wewe waja na karatasi inayosema mama yetu alikuwa mali ya babu zao. Hebu niambie, siku ya arusi tukae upande gani: kwenye viti vya wakwe au jikoni na wapishi?

MJUKUU: Nyumba ile inajua, babu. Imejua siku zote. Mwaka jana tulipogombana nao juu ya maji ya mfereji, mama mmoja alisimama mlangoni akasema, "Hapa tunajuana." Basi. Mimi sikuelewa kitu. Mama yangu alielewa, akaingia ndani, akafunga mlango. Kimya unachokilinda hatukigawani sawasawa. Kwao ni akiba wanayoitoa siku ya ugomvi. Kwetu ni deni.

MHIFADHI WA NYARAKA: Nyote wawili mnazungumza kana kwamba karatasi ile iliandikwa kwa ajili yenu. Haikuandikwa kwa ajili yenu. Katika mwambao huu kila daftari lilikuwa na shughuli yake. Kodi ya vibanda ilipoanza mwaka 1901, karani alihesabu nyumba: mume mwenye wake watatu katika vibanda vitatu alilipa mara tatu, na wake wenyewe wakabaki kuwa idadi. Utumwa ulipofutwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, bwana aliyetaka fidia alikwenda kuidai. Jina la mtumwa likaingia kwenye jalada kwa kuwa kuna mtu aliyelipwa kwa ajili yake. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai shamba ajitokeze athibitishe, na lisilodaiwa likahesabiwa la serikali ya kikoloni. Kipande kilipitishwa mwaka 1915, kikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Hicho kilimfuata mwanamume wa kazi: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, vyote ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwanamke hakuvaa kipande. Ukimtafuta bibi yako katika vipande, utazeeka hujampata.

MJUKUU: Ndiyo maana nikamtafuta kwenye hati za mashamba. Wanawake wa mwambao walinunua, waliuza, walirithi, na waliandikiana kwa kadhi. Hati yake ni fupi. Aliuza minazi kumi na minne. Mipaka imetajwa kwa desturi ya zamani: kibla, shamba la fulani, suheli, njia ya kwendea kisimani, matlai, mbuyu, magharibi, kaburi. Nilikwenda huko na nakala mkononi. Kisima kimefukiwa, lakini mbuyu upo, na watoto wamefunga bembea kwenye tawi lake. Babu, huyu mtu mnayemwonea haya alikuwa na minazi kumi na minne yake mwenyewe! Hilo hukuniambia hata siku moja.

WAKILI: Hapo nisimame mimi, maana minazi hiyo ndiyo inayoleta watu ofisini kwangu. Aliuza minazi, au aliuza ardhi iliyo chini yake? Kwa desturi ya mwambao mti waweza kuwa wa mtu na udongo ukawa wa mwingine, kama vile nyumba ilivyoweza kusimama juu ya kiwanja kisicho cha mwenye nyumba. Sheria ya 1908 ilitafuta mwenye ardhi. Waliolima kwa ruhusa ya bwana, au kwa kuachwa tu walime, wengi hawakwenda kudai. Wajukuu zao ndio leo wanaoitwa maskwota katika mashamba waliyozikwa babu zao. Kwa hiyo hati kama hiyo ina makali pande mbili. Waweza kuileta mahakamani uonyeshe kwamba watu wako walikuwapo. Na upande wa pili waweza kuileta hiyohiyo waonyeshe kwamba walikuwapo kwa hisani.

MZEE: Umesikia? Wewe unadhani unachimba mzizi, kumbe wafukua mpaka wa shamba.

MJUKUU: Shamba silitaki. Nataka jina.

MZEE: Jina gani? Hebu tulisemee hilo jina. Mtumwa hakuja pwani na jina lililoandikwa paji la uso. Bwana alimpa: Mabruki, Farjalla, Feruzi, Baraka. Kama mtu anavyobatiza mashua. Aliyepata uhuru, mara nyingi la kwanza alilofanya ni kulitupa jina hilo akajichagulia lake. Na kabila vilevile. Waliotekwa kando ya ziwa, waliotekwa Msumbiji, waliotoka kule Wayao waliko, karani aliwatia wote kapu moja, akaandika "Mnyasa", akachovya kalamu akaendelea. Hilo ulilolisoma ni jina aliloitwa na watu waliomnunua. Wewe waliita ukweli kwa sababu lina wino?

MJUKUU: Naliita mwanzo. Karani akikosea kabila lake hakukosea kwamba alikuwapo.

MZEE: Mwanangu, kitambulisho changu kinasema nilizaliwa tarehe 1 Januari 1944. Nenda kawaulize wazee wa baraza letu. Nusu yao wamezaliwa tarehe 1 Januari. Hospitali gani iliyotuzalisha sote siku moja? Ofisa alitutazama mvi akakadiria, akagonga muhuri. Kesho kutwa kitukuu changu atakuja kusoma kitambulisho hicho kama wewe unavyosoma hati yako, na ataapa kwacho.

MHIFADHI WA NYARAKA: Mzee ana haki, ila asimwache msomaji njiani. Karatasi ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Aliiandika nani? Alilipwa na nani? Aliacha nini? Kisha unatafuta shahidi wa pili asiyemjua wa kwanza. Ukiwa na hati ya shamba, watafute majirani waliotajwa kwenye mipaka. Huenda mmoja wao alidai ardhi yake baadaye, na mipaka yake ikamtaja bibi yako. Ndoa na talaka za Waislamu zilianza kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 1906, basi tafuta ndoa ya watoto wake. Hati za wakfu hutaja dhuria, kizazi baada ya kizazi. Walioponea misheni wana njia nyingine: Januari 1889 kampuni ya Waingereza iliyotawala mwambao iliwalipa mabwana fidia ya watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia Rabai na misheni nyingine, na watoro wakapewa vyeti vya uhuru. Jina likionekana mara moja, ni fununu. Likionekana mara tatu katika mikono ya makarani watatu, hapo unaanza kuzungumza.

MZEE: Na likizungumza, nani atalinyamazisha? Umetaja Rabai. Nitakwambia kilichotokea baada ya utumwa kufutwa, nacho hakimo katika daftari lako. Watu walikaa mtaa mmoja, mtoto wa bwana na mtoto wa mtumwa. Walisali safu moja. Walinyonyeshana watoto. Walioana, tena wengi. Hayo yaliwezekana kwa kuwa wazee walikubaliana jambo moja bila kikao: mtu haulizwi alikotoka mama yake. Sisi hatuliiti hilo uongo. Twaliita sitara. Imetuchukua zaidi ya miaka mia moja kuufuma mkeka huu, nawe umepata mwanya mmoja waanza kuvuta ukili.

MJUKUU: Mkeka huo umelaliwa na nani, na nani amekaa sakafuni? Mwaambiana watu hawaulizwi, lakini posa ikija, jambo la kwanza mnalouliza ni "wa nani huyu?" Binti wa upande wetu amekataliwa mara ngapi kwa maneno ya chinichini, "hawafai, hawana asili"? Asili gani wasiyokuwa nayo? Kila mtu ana mama aliyemzaa. Mficha uchi hazai, babu.

MZEE: Na avuaye nguo sokoni?

WAKILI: Katiba ya Kenya ya 2010 imewabeba nyote wawili katika sura moja. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 31 kinamlinda mtu asidaiwe wala asifichuliwe habari za familia yake bila ya lazima. Mjukuu anasimama kwenye cha 35, mzee anasimama kwenye cha 31, na kila mmoja anadhani mwenzake amesimama hewani. Kesi ya kumkashifu marehemu haiko. Heshima ya jina, kisheria, hufa na mwenyewe. Lakini jirani wa nyumba ya tatu hajafa. Ukiandika kwamba babu yake alimiliki watu, umeandika habari za familia yake pia.

MJUKUU: Habari ambazo babu yake mwenyewe alizipeleka mbele ya kadhi zikaandikwa! Hakuona haya wakati ule. Haya imekuja baadaye, na tukaambiwa tuibebe sisi.

MHIFADHI WA NYARAKA: Wapo walioiweka chini mapema. Watu wa Frere Town walikuwa watumwa waliookolewa baharini na kuwekwa ng'ambo ya kisiwa mwaka 1875. Mmoja wa watoto wao, James Mbotela, aliandika *Uhuru wa Watumwa*, kikachapishwa mwaka 1934. Kwa Kiswahili, kwa jina lake, habari za watu wake mwenyewe. Kilisomwa na watoto wa shule. Ukienda Kengeleni leo, kengele ya Frere Town bado inawapa watu jina la kituo cha matatu.

MZEE: Nakijua kitabu hicho. Na tazama neno ulilolisema: za watu wake mwenyewe. Mbotela alisimulia yaliyosimuliwa nyumbani kwao na waliopatwa nayo. Wao walisema, yeye akaandika. Mama yetu hakusema. Angetaka tujue angetuachia neno, naye aliishi mpaka akaona wajukuu. Hakutuachia neno. Kunyamaza kwake ni wasia, nawe wataka kuutangua kwa fotokopi.

MJUKUU: Au alinyamaza kwa sababu hakuna aliyemuuliza bila kumdharau. Babu, neno lenyewe limegeuka. Zamani mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, aliyezaliwa huru. Leo ungwana ni adabu. Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huohuo wa Frere Town, aliwauliza Wakenya redioni kwa miaka mingi, "Je, huu ni ungwana?" na nchi nzima ikajikagua tabia zake. Mtu wa kizazi cha waliokombolewa ndiye aliyetushikia kipimo cha uungwana. Lugha imekwisha kuvuka mto huo, sisi tumebaki ng'ambo twaogopa maji.

MZEE: Lugha haina binti wa kuozesha.

MJUKUU: Sayyida Salme alikuwa na binti. Alikuwa binti wa Sultani Said, na katika kitabu alichochapisha Ujerumani mwaka 1886 alieleza bila kuficha kwamba mama yake alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi za Kaukasi. Masultani wa Unguja wenyewe walizaliwa na masuria. Kwa sheria ya dini, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na hurithi kama nduguze. Nyumba ngapi kubwa za mwambao huu zina shajara iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu, baba juu ya baba, na pale penye mama pakaachwa peupe? Peupe pale pana mwanamke aliyenunuliwa.

MZEE: Binti wa Sultani akisema mama yangu suria, hubaki binti wa Sultani. Mjukuu wa muuza mbaazi akisema hivyo, huambiwa, "Hata nasi twajua." Dhahabu hailoi.

MJUKUU: Basi kosa liko kwenye mizani, si kwenye karatasi. Na mizani hiyo kimya chako hakijaivunja. Kimeifunika kitambaa tu.

MHIFADHI WA NYARAKA: Mimi ninakaa na karatasi zenyewe, na sijaona mjadala kama huu ukiamuliwa na wazee wala na wajukuu. Huamuliwa na mchwa. Na chumvi ya bahari, na paa linalovuja juu ya kabati. Ukurasa ukiguswa unakuwa unga. Anayesema "tusubiri kizazi kijacho" asidhani karatasi nayo inasubiri.

WAKILI: Na serikali haisubiri. Vijana wengi wa Mombasa wakifika miaka 18 wakaomba kitambulisho, wamejua maana ya kupigwa msasa: lete kitambulisho cha baba, lete cha babu, njoo mbele ya kamati. Wanubi, Wasomali na Waislamu wa pwani wamelalamikia jambo hilo kwa miongo mingi. Februari 2025 Rais alitangaza kuondoa msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Lakini jamii nyingine zilikuwa zimekaa nchini vizazi na vizazi bila utambulisho wowote. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Dola inapodai nasaba kwa karatasi, aliyefundishwa kunyamaza ndiye anayeanguka kwanza.

MZEE: Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kwa daftari gani? Mwaka 2016 waliandamana mpaka Nairobi. Walikwenda na watoto wao na vumbi la njiani, na mwaka huohuo wakakubaliwa. Mtu aliye hai ndiye cheti cha kwanza.

MJUKUU: Walilazimika kuandamana mpaka Nairobi kwa sababu hawakuwa na karatasi, babu! Ndugu yangu alipokwenda kuomba kitambulisho aliulizwa kabila, akajibu, "Mswahili." Akaambiwa ataje lingine. Alirudi nyumbani akakuuliza. Wakumbuka ulimjibu nini?

MZEE: Nilimwambia ataje Mdigo, yaishe.

MJUKUU: Yaishe. Na sasa imo katika kumbukumbu za serikali. Kitukuu chako atakuja kusoma kwamba sisi ni Wadigo. Umemlaumu karani kwa kuandika "Mnyasa", na wewe umemsomea karani imla.

WAKILI: Mzee, hapo amekushika.

MZEE: Amenishika, naam. Lakini nami namuuliza. Huo ukurasa, ni wako peke yako?

MHIFADHI WA NYARAKA: Hilo nilikuwa nalingojea. Hati zile zilinakiliwa katika vitabu, moja chini ya nyingine. Juu ya mstari wako ipo mistari mingine, na chini yake vilevile. Kila mmoja una mtu, na mtu huyo ana wajukuu ambao labda bado hawajaambiwa kitu. Ninachowaomba wasomaji wangu ni hiki: nakili mstari wako, usipige picha ukurasa mzima. Na ukishaunakili, wapitie wenzako wanaoushiriki kabla ya mtu mwingine yeyote.

MJUKUU: Nimeshaupiga picha.

MHIFADHI WA NYARAKA: Mzima?

MJUKUU: Mzima. Na jana usiku nimeupeleka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watu arobaini na mmoja: walio hapa, walio Dubai, walio London.

MZEE: Maji umeshayamwaga, kisha waniita nije nipime ndoo.

MJUKUU: Nilikuwa na furaha, babu. Miezi minne! Sikufikiri majina ya watu wengine. Hilo ni kosa langu, na nimeufuta asubuhi, ingawa najua kufuta si kufuta. Lakini sikiliza kilichotokea. Niliogopa posa itavunjika. Kijana wetu mwenyewe, anayeoa, ndiye aliyenijibu wa kwanza. Neno moja: "Najua." Nimekaa nalo usiku kucha. Alijuaje?

MZEE: Mimi nilimwambia.

MJUKUU: Wewe?

MZEE: Siku aliponitajia msichana. Nilimtoa nje, tukakaa chini ya mwembe, nikamwambia jina la mama yetu, alikuwa wa nani, na alivyotoka. Nikamwambia, unakwenda nyumba hiyo uende umejua, ili siku mtu akikutupia neno lisikukute mtupu. Wewe wadhani sisi wazee twasahau? Hatusahau. Twampa neno mwenye kulihitaji, saa anapolihitaji, kwa mdomo, ili liende na uso wa aliyelisema. Siri ya mtungi aijuaye kata. Karatasi haichagui msikilizaji. Hiyo ndiyo tofauti yangu na wewe, na tangu mwanzo wa mjadala huu hukuiona.

MJUKUU: Yeye ulimwambia kwa sababu anaoa. Mama yangu aliyefunga mlango siku ile ya mfereji hakulihitaji neno? Mimi niliyesimama uani nisijue nimetukanwa, sikulihitaji? Au neno hupewa wanaume?

MZEE: Wewe hukuniuliza.

MJUKUU: Sikukuuliza?

MZEE: Ulikwenda kuuliza ofisini kwanza. Miezi minne umepanda ngazi za watu usiowajua. Ngazi za nyumba hii ni tatu.

MJUKUU: Nilidhani utanikatalia.

MZEE: Ningekukatalia mara ya kwanza. Labda na ya pili.

WAKILI: Basi jambo lenu si kufungua au kufunga. Ni nani ashike ufunguo. Mzee akiushika peke yake, wanawake wa nyumba hii watakaa mlangoni mpaka afe, na akifa ataondoka nao. Mjukuu akiushika peke yake, tumeona mwisho wake jana usiku.

MHIFADHI WA NYARAKA: Sheria ya nyaraka ya Kenya, ya mwaka 1965, ina namna yake: jalada la serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma likitimiza miaka 30. Si kwamba siri huyeyuka siku hiyo. Ni kwamba walioguswa wamepewa nafasi ya kuishi kwanza.

MZEE: Miaka 30. Basi na mimi nina sheria yangu. Jina lake la kweli, lile alilokuja nalo kabla ya hilo ulilolisoma, nitakutajia, wewe na mama yako, mkikaa pamoja. Mtalinasa kwa sauti yangu. Na sauti hiyo ifungwe miaka 30.

MJUKUU: Nitakuwa na miaka 58.

MZEE: Utakuwa na akili zaidi ya kupiga picha.

MJUKUU: Na posa?

MZEE: Posa iko palepale. Watakaosema watasema, nao walikuwa wakisema.

MHIFADHI WA NYARAKA: Nami naomba jambo dogo. Mkishafungua kinasa sauti, msianze na marehemu. Mzee, anza na wewe. Kitambulisho chako kinasema 1 Januari 1944. Wewe wasemaje?

MZEE: Mama yangu alisema nilizaliwa Mfunguo Tatu, siku tatu kabla ya Idi Kubwa, mvua za vuli zikianza. Akasema vita vya Wajerumani vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Na mgomo mkuu wa Mombasa ulipokuja, bandari ikanyamaza, nilikuwa mchanga wa miezi miwili na siku zake, naye alinibeba mgongoni kwenda kutafuta unga.

MHIFADHI WA NYARAKA: Vita vilikwisha 1945. Mgomo mkuu ulikuwa Januari 1947. Idi Kubwa ya mwisho kabla ya mgomo iliangukia siku za mwanzo za Novemba 1946. Kwa hiyo ulizaliwa mwanzoni kabisa mwa mwezi huo, mzee. Serikali imekuongezea karibu miaka mitatu.

MZEE: Mama hakujua kusoma.

MHIFADHI WA NYARAKA: Na amempita karani.

MZEE: Basi andika hilo kwanza, mjukuu wangu. Na aliyelisema, andika jina lake.